Mwenzi Anayesikiliza: Mwongozo wa Kufundisha Kiingereza cha Kuzungumza kwa Mazungumzo ya Wawili Wawili

Tuanze na hesabu. Darasa lina wanafunzi 40 na kipindi kina dakika 40. Mwalimu akitumia nusu ya kipindi kueleza, kuandika ubaoni na kutoa maelekezo, jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila kujijua, zinasalia dakika 20 za wanafunzi. Na akiwauliza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja atazungumza kwa sekunde 30, tena kwa sharti kwamba asiwepo hata mmoja wa kusitasita, kukohoa au kutafuta neno. Dakika hizo hizo 20 zikitumiwa kwa mazungumzo ya wawili wawili, kila mwanafunzi anapata dakika 10 za kuzungumza na dakika 10 za kusikiliza. Muda wake wa kuzungumza umeongezeka mara 20, na hakuna aliyeongeza mwalimu wala chumba.

Hata hivyo, hesabu hiyo imewadanganya walimu wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Kwa miaka kadhaa niliwaambia wanafunzi wageukiane wazungumze, nikafurahia kelele, nikaamini kwamba somo limefanyika. Nilipoanza kusogea karibu na kutega sikio, nilikuta wengi wanatoa sentensi mbili tatu kisha wanarejea Kiswahili, na kwamba kila nilipowataka wasahihishane, mmoja aligeuka mwalimu mdogo mwenye fimbo na mwingine akanyamaza. Kosa halikuwa lao. Nilikuwa nimempa mwenzi kazi ya kusahihisha, ambayo hana ujuzi wake, nikamnyima kazi anayoiweza kuliko hata mimi mwenyewe, yaani kusikiliza na kuonyesha kwa vitendo ameelewa nini. Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya kazi hiyo ya pili.

Wazo hili lina msingi wake katika taaluma ya ufundishaji wa lugha. Mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain, akiwaangalia wanafunzi wa Kanada waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi, alieleza kwamba kusikia na kuelewa pekee hakukuwafikisha kwenye usemaji ulio sahihi. Walihitaji kusukumwa watoe lugha wao wenyewe, kwa sababu ni pale mtu anapolazimika kusema ndipo anapogundua hana neno la kusemea. Michael Long naye alisisitiza zile nyakati ambapo wazungumzaji wawili wanashindwa kuelewana kisha wanaulizana, wanarudia na kusema kwa namna nyingine, akaona kwamba juhudi hizo za kutafuta maana ni sehemu ya kujifunza kwenyewe. Kwa hiyo kutoelewana si ajali ya kukwepwa katika somo la mazungumzo. Ni malighafi yake.

Hatua ya kwanza: Chagua jambo moja la kusikilizwa

Kabla ya kupanga wanafunzi, amua ni jambo gani moja la lugha litakalofuatiliwa katika kipindi hicho. Ukisema tu kwamba wasikilize makosa, mwenzi atanasa lile analolijua, ambalo mara nyingi ni kitu kidogo kama herufi iliyoachwa mwishoni mwa kitenzi, na atapitwa na lile lililoharibu maana.

Katika kuchagua, ipo hatari moja ambayo haizungumzwi vya kutosha. Wanafunzi wawili wanaotumia lugha mama moja huelewana hata pale ambapo msikilizaji mwingine yeyote asingewaelewa, kwa kuwa makosa yao ni ya ukoo mmoja. Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kiingereza, kwa matamshi ya kawaida ya kusini mwa Uingereza, huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20 ukijumlisha zile zinazoungana. Mswahili anayetamka “ship” na “sheep” kwa irabu ileile anaeleweka kwa Mswahili mwenzake, kwa sababu mwenzake anakisia kutokana na muktadha. Neno “yeye” halina jinsia, kwa hiyo mtu akisema “he” akimaanisha mwanamke, mwenzake anaiacha ipite bila hata kushtuka. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wakati ule wa Kiingereza huhamahama: katika “photograph” uko kwenye silabi ya kwanza, katika “photographer” uko kwenye ya pili, na katika “photographic” uko kwenye ya tatu. Mazoezi ya wawili wawili yasipopangwa kwa makini yanaweza kuyakomaza makosa haya badala ya kuyaondoa. Dawa yake imo katika hatua ya nne, nayo ni kuandaa kazi ambayo msikilizaji hawezi kukisia.

Yapo pia makosa ambayo wenzi hawatayanasa kamwe, na ni vyema mwalimu ayajue ili asiwaachie. Mfano mzuri ni jibu la swali kanushi. Kwa Kiswahili, ukiulizwa “Hukwenda?” nawe hukwenda, unajibu “Ndiyo”, yaani unakubaliana na alichosema muulizaji. Kwa Kiingereza swali “Didn’t you go?” linajibiwa “No, I didn’t”, kwa sababu jibu hufuata ukweli wa tendo wala si umbo la swali. Wanafunzi wawili wataulizana maswali kama haya mchana kutwa, watajibizana kwa mantiki ya Kiswahili, na wataelewana barabara. Jambo la namna hiyo lifundishwe ubaoni na mwalimu mwenyewe, kisha ndipo liingizwe katika mazungumzo.

Hatua ya pili: Wapange

Hapa sina mengi. Wanafunzi wakae wakitazamana. Madawati yasiposogezeka, walio mstari wa mbele wageuke nyuma. Idadi ikiwa witiri, watatu waunde kundi moja na yule wa tatu awe mwangalizi mwenye karatasi, kisha wabadilishane nafasi hiyo. Badilisha wenzi mara kwa mara, kwa sababu wawili waliozoeana huanza kusomana macho na kuacha kutumia maneno.

Swali linaloulizwa zaidi ni kama mwenye uwezo aoanishwe na asiye na uwezo. Ninaona jibu linategemea nani ameshika taarifa. Ukimpa taarifa yule hodari, atazungumza yeye peke yake na mwenzake ataitikia kwa kichwa. Lakini ukimpa taarifa yule dhaifu na ukamtaka hodari aipate kwa kuuliza maswali, hodari atafanya kazi ya kuuliza kwa ustadi, na dhaifu hatakuwa na njia ya kukwepa kusema.

Hatua ya tatu: Wape maneno ya kuulizia

Mwanafunzi asiyejua namna ya kukatiza mazungumzo kwa adabu hatakatiza; atatabasamu na kujifanya ameelewa. Kwa hiyo, kabla ya mazungumzo yoyote, darasa lifundishwe misemo michache ya kuomba ufafanuzi, izoezwe kwa sauti na ibaki ubaoni muda wote wa kipindi. Ninaanza na hii minne: “Sorry, could you say that again?” kwa kuomba kurudiwa, “Do you mean…?” kwa kuhakikisha maana; “Who is ‘she’?” kwa kuuliza ni nani anayetajwa, na “What’s the word for…?” kwa anayetafuta neno. Msemo wa tatu unaonekana mdogo, lakini ndio utakaotumika zaidi.

Misemo hii haitoshi kukaririwa, kwa maana adabu ya Kiswahili na ya Kiingereza hazikai mahali pamoja katika sentensi. Sisi hulainisha ombi kwa “naomba”, kwa “tafadhali”, na kwa kukigeuza kitenzi kiwe “urudie” badala ya “rudia”. Kiingereza hulainisha kwa kuligeuza ombi kuwa swali na kwa kutumia “could”. Mwanafunzi anayetafsiri moja kwa moja atasema “Repeat, please”, akidhani kwamba lile neno la mwisho limemsafisha, kumbe sentensi bado ni amri. Na kwa kuwa tumegusa adabu, neno “sorry” lifafanuliwe mapema: tumezoea kulitumia mahali pa “pole”, hata kwa mtu aliyejikwaa mbele yetu, na msikilizaji asiyetoka kwetu hubaki akijiuliza tumemkosea nini.

Hatua ya nne: Andaa kazi yenye pengo

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mwingi zaidi wa maandalizi. Mazungumzo ya kweli hutokea pale mmoja anapojua jambo ambalo mwingine halijui na analihitaji ili akamilishe kazi fulani. Walimu wa lugha huliita pengo la taarifa. Ukiwaambia wanafunzi wajadili umuhimu wa elimu, hakuna pengo lolote: wote wawili wanajua tayari mwenzake atasema nini, na hata asipoeleweka hakuna kitakachoharibika. Ninaona mada za jumla za namna hiyo ndizo zilizoua vipindi vingi vya mazungumzo kuliko uhaba wa msamiati.

Kazi nzuri ina sifa mbili. Kwanza, mwisho wake ni kitu kinachoonekana, kama mchoro, jedwali lililojazwa, alama kwenye karatasi au uamuzi ulioandikwa. Pili, kosa linalofuatiliwa likitokea, kitu hicho kinaharibika. Hapo mwenzi hahitaji kujua sarufi ili atoe mrejesho. Karatasi yake ndiyo mrejesho.

Tuseme unafuatilia tofauti ya “he” na “she”. Mwandikie mwanafunzi wa kwanza kisa cha mwanamume na mwanamke waliopoteza ufunguo, chenye matendo kumi, kila mmoja akiwa ametenda matano kwa mpangilio usiotabirika. Mwenzake ana jedwali lenye matendo yale kumi na safu mbili, moja ya mwanamume na nyingine ya mwanamke. Sharti ni kwamba majina yatajwe mara moja tu mwanzoni, na baada ya hapo zitumike nafsi pekee. Msikilizaji anatia alama kadiri anavyosikia. Mwishoni wanalinganisha jedwali na kisa, na kila alama iliyokaa mahali pasipo pake inawarudisha kwenye sentensi husika: je, ilisemwa vibaya au ilisikiwa vibaya? Mjadala huo mfupi una faida kuliko masahihisho 20 ya wino mwekundu.

Ukifuatilia mkazo, tumia tarakimu. Mmoja anamsomea mwenzake orodha iliyochanganya “thirteen” na “thirty”, “fourteen” na “forty”, mpaka “nineteen” na “ninety”, naye anaziandika kwa nambari. Katika maneno ya kundi la kwanza, yakisomwa peke yake, silabi ya mwisho hutamkwa kwa nguvu na kwa urefu, na katika ya kundi la pili nguvu iko kwenye silabi ya kwanza. Msemaji akiyatia yote mkazo wa Kiswahili, mwenzake ataandika 30 mahali pa 13, na hapatakuwa na haja ya mtu kumwambia amekosea. Kwa irabu, kanuni ni ileile: orodha ya maneno kama “ship” na “sheep”, “live” na “leave”, “full” na “fool”, yanayosomwa bila sentensi ya kuyasaidia, na msikilizaji anaonyesha picha au namba ya neno alilosikia.

Kwa wanafunzi waliokwisha kupiga hatua, kazi ya kuchora kwa maelekezo hufaa sana. Msemaji ana mchoro wenye vitu sita au saba, msikilizaji ana karatasi tupu, na kati yao kuna kitabu kilichosimamishwa ili wasichungulie. Viambishi vya mahali vya Kiswahili, kama “-ni”, hubeba maana nyingi zinazohitaji maneno tofauti ya Kiingereza, hivyo “in”, “on” na “at” zitajaribiwa zote kwa mpigo mmoja. Waliokomaa zaidi wapewe kazi ya kukubaliana: orodha ya vitu kumi na safari moja, wachague vitatu vya kubeba, na kila mmoja awe amepewa kwa siri sababu ya kutetea kitu fulani. Kazi ya aina hii haina jibu moja, lakini ina pengo, kwani hakuna anayejua sababu ya mwenzake mpaka aiulize.

Hatua ya tano: Dakika mbili za ukimya

Wanafunzi wapewe dakika mbili za kufikiri peke yao kabla ya kuanza. Frank Lyman aliieneza mbinu ya namna hii mwaka 1981: mwanafunzi atafakari kwanza, azungumze na mwenzake, kisha ndipo darasa zima lishirikishwe. Katika dakika hizo waandike maneno ya msingi, si sentensi, kwa sababu aliyeandika sentensi ataisoma, na mazungumzo yatageuka imla. Wakitaka kuulizana neno kwa Kiswahili wakati huu, waache waulizane. Nimeona marufuku kali ya Kiswahili ikizaa ukimya mwingi kuliko Kiingereza, ilhali kuruhusu Kiswahili katika maandalizi na kukizuia katika mazungumzo kunaeleweka na kufuatwa kwa urahisi.

Hatua ya sita: Wakizungumza, wewe nyamaza

Kazi yako sasa ni kuzunguka na kuandika. Usisahihishe mtu katikati ya sentensi, hata ukisikia jambo la kukuuma sikio. Ukimkatiza, atamaliza mazungumzo akikutazama wewe na si mwenzake. Beba daftari na uandike sentensi kama zilivyosemwa, zilizo nzuri na zilizoharibika, bila majina. Jozi iliyonyamaza isaidiwe kwa swali moja linalohusu kazi yao, kama vile “Ufunguo uko wapi sasa?” likiulizwa kwa Kiingereza, kisha uondoke upesi. Uwepo wa mwalimu ukizidi dakika moja, mazungumzo yanakuwa ya watu watatu na wawili kati yao wanakuwa wanasubiri ruhusa.

Hatua ya saba: Mrejesho wa mwenzi

Mrejesho ufundishwe kama unavyofundishwa msamiati, wala usidhaniwe kwamba wanafunzi watakuja nao kutoka nyumbani. Kipindi cha kwanza kabisa, simama wewe mbele, zungumza kwa dakika moja ukifanya makosa machache ya makusudi, na uwaache wao wakupe mrejesho kwa mpangilio utakaowaonyesha. Kuona mwalimu akiulizwa “Do you mean…?” na akajirekebisha bila kununa kunatuliza hofu kuliko hotuba yoyote kuhusu kutoogopa makosa.

Mpangilio ninaoutumia unaanza na kurudisha maana. Msikilizaji anasema, kwa Kiingereza na kwa sentensi mbili au tatu, alichoelewa: “You said that she opened the window and he looked under the table.” Msemaji anakubali au anakataa. Hapa ndipo penye utajiri wote, kwani akikataa, analazimika kusema tena kwa namna iliyo wazi zaidi, na msikilizaji naye amezungumza badala ya kuhukumu. Wanafunzi wengi wataona hatua hii ni ya kupoteza muda na watataka kurukia makosa, usiwaruhusu.

Baada ya hapo msikilizaji anataja sehemu moja tu ambapo alipotea: “I got lost when you talked about the key.” Halafu wanalitazama lile jambo moja la kipindi, wakilinganisha karatasi zao. Mwisho, msemaji mwenyewe anataja sentensi moja atakayoisema tofauti katika duru inayofuata. Neno la mwisho likiwa lake, anaondoka na mpango mkononi, na hilo linamfaa kuliko kuondoka na orodha ya aibu.

Mwenzi akiona kosa, asilitaje jibu. Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha mwaka 1997 uchunguzi wao wa madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, wakaonyesha kwamba walimu walipenda zaidi kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, na kwamba njia hiyo ndiyo iliyowafanya wanafunzi wachache zaidi wajirekebishe. Mwalimu alipouliza au kusita ili mwanafunzi akamilishe mwenyewe, urekebishaji uliongezeka. Utafiti huo ulihusu walimu, lakini ninaona unafaa zaidi hata kwa wenzi, kwa sababu mwenzi anaweza kutoa jibu lisilo sahihi, wakati swali lake haliwezi kumpotosha mtu. Mfano ni huu:

— Yesterday she go to the office.
— Yesterday she…?
— Yesterday she went to the office.

Na iwapo msemaji hajui, au wote wawili wanashuku, wasibishane. Waandike sentensi hiyo pembeni, waweke alama ya kuuliza, na waipeleke kwa mwalimu. Alama hizo za kuuliza ni za thamani kwa mwalimu kuliko majaribio ya mwezi mzima, kwa sababu zinaonyesha hasa ujuzi wa darasa unakomea wapi.

Mambo matatu yakatazwe waziwazi. Asitolewe mtu alama kwa tarakimu, kwa kuwa mwenzi anayetoa saba kwa kumi hajasema lolote la kusaidia, na marafiki watapeana tisa. Lafudhi isihesabiwe kuwa kosa mpaka iwe imezuia maana. Kiingereza kinazungumzwa kwa lafudhi nyingi duniani na hakuna sababu ya mwanafunzi kuionea haya ya kwake. La tatu ni kucheka. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, mwanafunzi mmoja alitamka neno akaleta maana ya aibu, darasa likaangua kicheko, nami, kwa udhaifu, nikatabasamu. Aliendelea kuhudhuria na kuandika vizuri, lakini sikumsikia tena akizungumza Kiingereza muhula wote. Tangu siku hiyo ninalisema sharti hili kabla ya kipindi cha kwanza, na ninajihesabu nami kuwa miongoni mwa wanaolazimika kulifuata.

Hatua ya nane: Warudie na mwenzi mwingine

Mrejesho usiotumiwa siku ileile hupotea. Kwa hiyo wanafunzi wahame, wapate mwenzi mpya, na wasimulie jambo lilelile kwa muda mfupi zaidi. Keith Maurice alieleza mwaka 1983 zoezi ambalo baadaye Paul Nation alilifanya lijulikane sana: msemaji anazungumza kwa dakika nne kwa msikilizaji wa kwanza, tatu kwa wa pili, na mbili kwa wa tatu. Maudhui hayabadiliki, ndiyo maana akili inapata nafasi ya kushughulikia lugha. Muda unapungua, ndiyo maana ulimi unalazimika kuharakisha. Na msikilizaji ni mpya kila mara, kwa hiyo msemaji bado ana mtu wa kumweleza jambo asilolijua. Kwa wanaoanza, dakika nne ni jangwa. Waanze na mbili, kisha moja na nusu, kisha moja.

Katika kipindi cha dakika 40, mimi hutumia dakika tano kwa misemo na maelekezo, mbili kwa maandalizi, sita kwa duru ya kwanza, sita kwa mrejesho, kumi kwa kubadilishana nafasi na kurudia na mwenzi mpya, na zinazobaki kwa ubao. Kipindi cha kwanza na cha pili havitakwenda hivyo hata kidogo, kwa sababu muda mwingi utaishia kwenye kupanga watu na kueleza taratibu. Kuanzia cha tatu kasi hurudi.

Hatua ya tisa: Ubao

Andika ubaoni sentensi sita hivi kutoka daftari lako, nusu zikiwa sahihi na nusu zikiwa na makosa, bila kusema zipi ni zipi wala nani alizisema. Wanafunzi wazijadili wawili wawili kwa dakika mbili, kisha darasa liamue pamoja. Ukiandika zenye makosa tu, watajifunza kwamba kila kinachofika ubaoni ni kibovu, na wataanza kukutazama kwa wasiwasi kila unapofungua daftari. Zile alama za kuuliza zilizoletwa na wenzi zijibiwe hapa, na hapa ndipo pa kufundishia yale ambayo wenzi wasingeyanasa, kama jibu la swali kanushi.

Wasio na darasa

Watu wawili wanaojifunza peke yao wanaweza kufuata hatua hizi hizi kwa simu, na kwa njia fulani simu ni bora kuliko ana kwa ana, kwa kuwa inaondoa ishara za mikono na sura zinazowasaidia kukisia. Kila mmoja amwandalie mwenzake picha au kisa asichokijua, wapokezane, na warekodi. Kwa kuwa hawana mwalimu wa kupelekewa alama za kuuliza, wawe na kamusi inayoonyesha mkazo wa maneno au inayotoa sauti, na waahidiane kutotoa hukumu bila kuifungua.

Kurekodi kunafaa hata darasani. Katika juma la kwanza, kila jozi irekodi kazi moja ya kuchora kwa maelekezo, kisha rekodi ihifadhiwe bila kusikilizwa. Baada ya majuma manane, jozi ileile ifanye kazi ileile kwa mchoro mpya wenye ugumu unaolingana, halafu wakae wasikilize zote mbili mfululizo, wakihesabu mambo mawili tu: ni mara ngapi msikilizaji aliomba ufafanuzi, na ni vitu vingapi vilikaa mahali pake kwenye mchoro. Usishangae hesabu ya kwanza ikipanda badala ya kushuka, kwani katika rekodi ya juma la kwanza wengi wao walikuwa bado wanatabasamu na kujifanya wameelewa.